Shingo inayouma miezi na miezi: mazoezi ya kulegeza misuli yanafanya nini hasa?

Ukipita Ngamiani, Tanga, asubuhi, kwenye baraza za mafundi cherehani, utasikia habari za shingo kabla hujasikia za bei ya kitambaa. Mmoja ameambiwa pingili zimesagika. Mwingine kaambiwa ni mishipa, akanunua mafuta ya kuchulia. Wa tatu katumiwa na mwanawe ujumbe wa sauti wa WhatsApp unaosema alale chali, afumbe macho, apumue taratibu, na shingo itapona bila dawa. Na yuko aliyekwenda hospitali akapimwa, akarudi na ushauri unaofanana na ule wa WhatsApp: jifunze kulegeza misuli. Kakasirika mpaka leo. Foleni yote ile, nauli yote ile, halafu unaambiwa ulegee?

Hasira yake ina haki. Ushauri haukuwa mbaya, ila alipewa nusu. Hakuambiwa kinacholegezwa ni kitu gani, kwa nini kilegezwe, wala kwamba zoezi hilo likifanywa peke yake mara nyingi halitoshi.

Maumivu yapi tunayoyasema

Shingo ya kulalia vibaya kila mtu anaijua. Unaamka huwezi kugeuka, unasalimia watu kwa kugeuza mwili mzima, baada ya siku chache umesahau. Hiyo tuiache. Maumivu huitwa sugu yakidumu au kurudirudi kwa zaidi ya miezi 3, na hapo hata namna ya kuyatibu hubadilika.

Wengi wenye shingo ya aina hii hupimwa na hakionekani kitu kimoja cha kunyooshea kidole. Hakuna mfupa uliovunjika, hakuna uvimbe, hakuna maambukizi, hakuna neva iliyobanwa kiasi cha kueleza yote. Wataalamu huyaita maumivu yasiyo na chanzo mahususi, na jina hilo limewaudhi watu wengi, maana mgonjwa husikia kama anaambiwa "huna kitu". Anacho. Maumivu ni ya kweli, kinachokosekana ni kidonda cha kuonyeshwa kwenye picha. Makadirio ya kimataifa yalihesabu watu milioni 203 wenye maumivu ya shingo duniani mwaka 2020, wanawake wakiwazidi wanaume.

Na picha zenyewe zinaweza kukutisha bure. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha vipimo vya MRI vya watu 1,211 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya shingo. Asilimia 87.6 kati yao walikutwa na diski za shingo, yaani vile vimto laini vilivyo kati ya pingili, zilizotokeza nje ya mahali pake. Hata vijana wa miaka ya ishirini, wengi wao walikuwa nazo, na walikuwa wakila, wakilala na kufanya kazi bila kujua. Kwa hiyo karatasi inayosema diski yako imetokeza au pingili zimelika inaeleza jambo la kweli, ila huenda siyo jambo linalokuuma. Daktari mzuri atalinganisha picha na dalili zako kabla ya kuitaja kuwa sababu.

Breki inayogusa rimu

Shingo ina pingili 7, na juu yake kimekaa kichwa chenye uzito wa kilo 4.5 hadi 5 hivi. Misuli ndiyo inayokishika. Mkubwa kuliko yote unaanzia kisogoni, unashuka mabegani hadi katikati ya mgongo. Ukimuuliza mtu "unaumwa wapi?", huo ndio anaoushika kwa mkono wa upande wa pili, bila kufikiri.

Msuli huu haukazi kwa sababu ya mzigo tu. Watafiti wamewabandika watu vipimo vya umeme wa misuli mabegani, wakawakalisha kitini, wakawapa hesabu za kichwa za haraka. Mikono haikuinua kitu, lakini umeme wa msuli ulipanda. Ndani yake kuna nyuzi ndogo ambazo huanza kazi mapema kuliko zingine na huachia mwisho, kwa hiyo mkazo mdogo wa kutwa nzima huziangukia zilezile. Fundi aliyelundikiwa oda za Idi, mabega yake yamepanda kabla hajakanyaga pedali, na bado yako juu anapokunywa chai, anapojibizana na mteja kwenye simu, mpaka anapojilaza usiku.

Tanga ni mji wa baiskeli, basi mfano uko mlangoni. Chukua baiskeli ambayo raba ya breki inagusa rimu kidogo tu. Inakwenda. Unafika Sahare, unarudi. Ila kila mzunguko wa gurudumu umekula nguvu usiyokusudia kuitoa, na jioni miguu inauma usijue kwa nini, kwa kuwa mgusano wenyewe ni mdogo na umeshauzoea. Zoezi la kulegeza misuli ni kutambua kwamba breki inagusa, kisha kuiachia. Haliongezi nguvu miguuni. Halizibi pancha. Rimu iliyopinda hubaki imepinda. Ukilidai hayo utalilaumu bure, na ndivyo wengi wanavyolilaumu.

Kuna kazi ya pili ambayo zoezi hufanya, nayo inapitia kwenye neva zinazojiendesha zenyewe bila kuomba ruhusa yako. Zina pande mbili. Upande mmoja huamka ukiwa na hofu, haraka au hasira: moyo hukimbia, pumzi hupanda juu kifuani, misuli hujiandaa. Upande wa pili hufanya kazi mambo yakitulia. Moyo huwezi kuuamuru upunguze mapigo ukakusikia. Pumzi ni tofauti, inajiendesha yenyewe lakini pia inakubali amri. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akishusha hadi karibu mara 6, mapigo ya moyo huanza kupanda na kushuka kwa kuifuata pumzi, na hiyo ni dalili kwamba upande wa utulivu umeshika kazi. Ndiyo maana karibu kila aina ya mazoezi haya huanza na pumzi.

Utasikia pia maelezo ya mduara: maumivu huleta mkazo, mkazo huleta maumivu. Sehemu yake ni kweli, lakini yamekuwa rahisi mno. Watu wenye maumivu sugu hupimwa misuli yao na si wote wanaokutwa imekaza kuliko ya wenzao. Kwa wengi, neva zenyewe zimekuwa nyepesi kuhisi baada ya miezi ya maumivu, na usingizi mbovu na wasiwasi huzidisha wepesi huo. Kulegeza kunaweza kusaidia hapo pia, kupitia usingizi na wasiwasi, hata kama bega lenyewe halikuwa limekaza sana.

Mazoezi yenyewe ni yapi?

Watu wakisema "mazoezi ya kulegeza mwili" huwa wanachanganya mambo manne. La kwanza lilitoka kwa daktari wa Chicago, Edmund Jacobson, aliyelichapisha mwaka 1929: unakaza kundi moja la misuli kwa makusudi, unaliachia, unasikiliza tofauti, unahamia kundi jingine. Mafunzo yake ya mwanzo yalikuwa marefu mno kwa mtu mwenye shughuli zake. Aliyeyafupisha hadi yakatumika kliniki kwa wingi ni daktari wa magonjwa ya akili kutoka Afrika Kusini, Joseph Wolpe, katika miaka ya 1950.

La pili ni la Mjerumani Johannes Schultz, mwaka 1932. Hapo hukazi chochote. Unajisemea kimoyomoyo kwamba mkono wako ni mzito, kisha kwamba una joto, na mwili hufuata polepole. La tatu ni kuona mahali kwa fikra: mtu anajiweka Raskazone maji yamejaa, anasikia upepo, ananusa chumvi. La nne ni kuuelekezea mwili akili bila kuuhukumu, unapita kiungo kwa kiungo ukikiri kilichopo, hata kama ni maumivu. Hili lilipewa umbo la kozi ya hospitali na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa wagonjwa ambao matibabu ya kawaida yalikuwa hayawafikishi popote.

Nimewahi kusikia mtu akiuliza kama hii siyo ibada ya watu wengine inayoingizwa kwa mlango wa nyuma. Swali la haki, hasa kwa aina ya nne, ambayo chimbuko lake la mbali ni mafunzo ya Kibudha ijapokuwa kozi yenyewe haina ibada. Mwenye shaka achukue njia ya Jacobson. Haina maneno, haina taswira, ni msuli na pumzi basi. Na yule anayeamini kuna jini limemkalia begani, anayesomewa na aendelee kusomewa. Zoezi haligombani na kisomo.

Kabla hujatandika mkeka

Kuna shingo ambazo hazitakiwi kulegezwa nyumbani, zinatakiwa kupelekwa hospitali, nyingine leo hii. Ikiwa maumivu yameanza baada ya kuanguka mnazini au ajali ya bodaboda, usizungushe shingo, nenda ukapigwe picha. Homa kali pamoja na shingo ngumu isiyoinama mbele inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na hiyo haingoji kesho. Mikono inayopoteza nguvu, vitu vinavyokuponyoka, miguu inayokwenda ovyo, mkojo au choo kisichozuilika: hospitali. Maumivu yanayoshuka kwenye taya au mkono pamoja na kifua kubana na jasho huenda ni moyo. Kichwa kilichouma ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuisikia, nacho ni hospitali. Kukonda bila sababu, jasho la usiku, homa za jioni, au historia ya saratani au kifua kikuu, mwambie daktari, maana kifua kikuu hushuka hata kwenye mifupa ya uti wa mgongo.

Ukiwa huna lolote kati ya hayo, au umeshapimwa ukaambiwa hakuna hatari, endelea.

Namna ya kufanya

Nitaeleza njia ya Jacobson iliyofupishwa pamoja na pumzi, kwa sababu ndiyo rahisi kujifunza bila mwalimu.

Chagua saa ambayo nyumba imetulia. Kwa wengi ni baada ya Isha, au ule muda wa jua kali baada ya chakula cha mchana ambapo mji unapoa. Tandika mkeka, lala chali, weka kanga iliyokunjwa chini ya shingo ili kidevu kisielekee juu, na mto chini ya magoti. Kama kulala kunauma, kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili ikigusa sakafu, mikono mapajani.

Anza na pumzi. Mkono mmoja juu ya tumbo, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, mkono uinuke. Toa ukihesabu hadi 6. Usijaze kifua kama unayetaka kuzamia. Kiasi cha kawaida, ila polepole. Hesabu hiyo inakupa takriban pumzi 6 kwa dakika. Ukisikia kizunguzungu au vidole vinafanya ganzi, umepumua kupita kiasi, rudi kwenye pumzi yako ya kila siku mpaka ipite. Dakika 2 au 3 zinatosha.

Sasa misuli. Fumba ngumi kwa sekunde 5 hadi 7, kisha achia mara moja. Si polepole, achia kama umekata kamba. Halafu usifanye chochote kwa sekunde 20 hadi 30, sikiliza tu mikono yako. Hapa ndipo watu wanapokosea sana. Wanadhani zoezi ni ule mkazo, wanakaza, wanaachia, wanakimbilia kinachofuata. Mkazo ni utangulizi. Somo liko kwenye zile sekunde za kimya, ambapo mwili unajifunza kuachia kunafananaje. Mwenye kuharakisha hapo amefanya mazoezi ya kukaza.

Toka mikononi nenda usoni. Kunja paji la uso, achia. Bana meno kidogo, achia, na ukishaachia hakikisha meno ya juu na ya chini hayagusani. Hivyo ndivyo yanavyotakiwa kuwa mtu asipokula wala kumeza, na wengi hushangaa kugundua wanayabana kutwa. Kisha mabega: yainue kuelekea masikioni, lakini kwa theluthi ya nguvu zako, siyo zote. Mwenye shingo sugu akikaza mabega kwa nguvu zake zote atajiletea maumivu ya siku mbili na kusema zoezi ni baya. Achia, yashuke yenyewe, subiri. Halafu shingo, kwa kugandamiza kisogo kwenye kanga kidogo sana, kiasi cha kuiachia alama. Achia. Malizia kwa tumbo, mapaja na nyayo, na ukitaka rudia mabega mara moja zaidi.

Ikiwa hata theluthi ya nguvu inauma, acha kukaza mabega na shingo kabisa. Kaza mikono na miguu tu, mabegani uachie tu bila kuanza na mkazo. Hakuna sheria inayosema lazima msuli unaouma ukazwe ndipo ulegee.

Yote haya huchukua kama dakika 15. Ukisinzia usijilaumu, ila ujue kwamba usingizi ni faida ya kando. Ujuzi unaoutafuta ni wa kuwa macho, kwa sababu breki inagusa rimu ukiwa kazini, siyo ukiwa unakoroma. Ndiyo maana baada ya wiki kadhaa inabidi zoezi litoke kwenye mkeka. Fundi achague jambo analolirudia mara nyingi, tuseme kubadilisha bobini, na kila anapolifanya ajiulize: mabega yako wapi? Meno yanagusana? Atoe pumzi moja ndefu, aachie, aendelee kushona. Wa bodaboda afanye hivyo anaposubiri abiria Kange. Karani wa bandarini, kila anapofunga ukurasa. Mara nyingi, kidogo kidogo, bila kufumba macho wala mtu kujua.

Wapo wachache ambao wakifumba macho na kutulia, badala ya kupoa, hofu hupanda na moyo hukimbia. Jambo hilo linajulikana na haimaanishi umeharibika. Fungua macho, kaa badala ya kulala, fupisha, au badili zoezi ufanye la kutembea. Kama nyuma ya hofu hiyo kuna jambo zito lililokupata, zungumza na mhudumu wa afya ya akili kabla ya kuendelea.

Tafiti zinasemaje, bila kupaka rangi

Ujumbe wa sauti unaosema utapona bila dawa haukukuambia haya.

Mwaka 2003 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanyika Finland kwa wanawake 393 wa kazi za ofisini wenye maumivu sugu ya shingo. Waligawanywa makundi matatu kwa kura: kundi moja lilifanya mazoezi ya kujenga misuli, la pili mazoezi ya kulegeza, la tatu liliendelea na maisha yake. Mafunzo yalidumu wiki 12, wakafuatiliwa hadi mwaka. Kwenye maumivu, makundi hayakutofautiana.

Karibu miaka ishirini baadaye, Berlin, watu 220 wenye shingo sugu walichunguzwa. Nusu yao walipewa programu ya simu yenye mazoezi ya kulegeza, dakika 15 kila mara, angalau siku 5 kwa wiki. Wengine waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba katika miezi 3 programu haikupunguza maumivu kuliko matibabu ya kawaida peke yake.

Kuna upande mwingine wa mizani. Mwaka huohuo wa 2003, Finland hiyohiyo, utafiti mwingine wa wanawake 180 wa ofisini ulifuatilia mazoezi ya nguvu na ya ustahimilivu wa shingo kwa mwaka mzima, kwa mpira wa kuvuta na vyuma vya mkononi. Hapo maumivu yalipungua waziwazi, na shughuli za kila siku zikawa nyepesi, kuliko kwa wenzao ambao hawakupewa mafunzo hayo ya nguvu. Ukilinganisha na ule wa kwanza unaona kwamba neno "mazoezi" peke yake haliahidi kitu. Muda na uzito wa zoezi ndio uliotofautiana, na mwaka mmoja si wiki 12.

Mimi nayasoma hivi: kulegeza misuli ni msaidizi, na msaidizi hapewi duka zima. Mtu anayelala vibaya, mwenye wasiwasi, anayeogopa hata kugeuza shingo asije akaiharibu, anaweza kulitumia ili apate usingizi na athubutu kuanza kusogea. Halina gharama, halina sumu. Na wastani wa watu 220 hauelezi kila mmoja wao, wapo wanaofaidika zaidi ya wenzao. Lakini kinachojenga shingo ya kubeba kazi ni kuifanyisha kazi, kidogo kidogo, kwa muda mrefu.

Na kuanza si lazima uwe na vyuma. Sukuma paji la uso dhidi ya kiganja chako bila kichwa kusogea, sekunde 6, mara chache, kisha pande zote. Funga tyubu chakavu ya baiskeli kwenye nondo za dirisha, uivute kwa viwiko kuelekea nyuma kama anayepiga makasia. Tembea. Maumivu madogo yanayoisha ndani ya siku moja ni ya kawaida, yakizidi punguza kiasi cha zoezi badala ya kuacha. Kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya rufaa, kama Bombo, ndipo pa kuomba upangiwe kiasi kinachokufaa, na ukifika hapo uliza waziwazi: "Zoezi hili ni la kulegeza au la kuongeza nguvu?" Jibu litakusaidia kujua ulitegemee kwa lipi.

Yanayosemwa vijiweni

Kinyozi akikuzungusha shingo ikalia, huwa hajarudisha mfupa mahali pake. Mlio ule unatokana na gesi kwenye majimaji ya kiungo, na nafuu yake ni ya muda. Hatari ni ndogo lakini ipo: kuzungusha shingo kwa ghafla kunaweza kuchana ukuta wa mshipa wa damu unaokwenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mwambie anyoe tu.

"Shingo inauma, presha imepanda." Presha ya juu kwa kawaida haina dalili. Wapo wanaoumwa shingo na presha yao ni nzuri, na wapo wasioumwa popote na presha yao ni ya kutisha. Pima kwa mashine, usipime kwa shingo. Na asiache mtu dawa ya presha kwa kuwa eti shingo imetulia.

Simu nayo inabeba lawama nyingi. Ile hesabu inayosambazwa, kwamba ukiinamisha kichwa nyuzi 60 shingo hubeba kilo 27, ilitolewa mwaka 2014 na daktari wa upasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, kwa modeli ya kompyuta. Haikupimwa kwa watu wenye maumivu. Kuinama kwenyewe si dhambi, shingo imeumbwa iiname. Kukaa vilevile saa tatu ndiko kunakochosha, uwe na simu, cherehani au wavu unaoushona ufukweni.

Na kulegeza si kupumzika. Mtu anaweza kukaa barazani kutwa hana analofanya, mabega yako masikioni. Kadhalika kulala kitandani wiki nzima ili shingo ipone ni njia ya kuifanya idhoofike.

Swali linalobaki ni la muda. Zoezi la kulegeza lipe wiki 6 hadi 8, siku nyingi za wiki, kabla ya kulihukumu. Usilipime kwa maumivu peke yake: tazama unalala saa ngapi bila kuamka, unaweza kushona au kuendesha kwa muda gani kabla ya kusimama, unageuka kiasi gani ukivuka barabara. Kama hakuna kilichosogea, liache bila kujiona umeshindwa. Zile dakika 15 zipeleke kwenye tyubu ya dirishani au kwenye kutembea, na urudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia umwambie ulichofanya, kwa muda gani, na kilichotokea.